Ucha Mungu ni Mwenendo: Mtazamo wa Kiyahudi na wa Kikristo Kutoka Ufuo wa Kisian

Utangulizi

Kisian ni njia panda. Msafiri atokaye Kisumu mjini akielekea magharibi, ziwa likiwa mkono wake wa kushoto na vilima mkono wa kulia, hufika mahali ambapo barabara ya Bondo huachana na ile ya Maseno na Busia. Wengi wetu tunapafahamu kwa sababu ya kituo cha matatu, reli ya zamani iendayo Butere, na maabara za Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba eneo hili na viunga vyake ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki ambako swali moja la kale limejadiliwa kwa ukali na kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni hili: mtu aishi vipi ili ahesabiwe kuwa mcha Mungu?

Katika madarasa ya Elimu ya Dini, na hata katika mihadhara yetu ya fasihi tunapochambua kazi zenye maudhui ya kidini, swali hilo hujibiwa kwa mkato. Husemwa kuwa Myahudi hutegemea sheria na Mkristo hutegemea imani. Kwamba Myahudi hutenda na Mkristo huamini. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mkato huo unazipotosha dini zote mbili. Katika dini ya Kiyahudi na katika Ukristo, ucha Mungu ni mwenendo, yaani namna ya kwenda katika maisha ya kila siku. Tofauti iliyopo inahusu kile kinachouongoza mwenendo huo. Tutaanza na maneno yenyewe, kisha tutaeleza mtazamo wa kila upande kwa ufupi, na baadaye tutazame jinsi wakazi wa ufuo huu wa ziwa na majirani zao walivyojibu swali hilo kwa matendo.

Maneno na maana zake

Neno "ucha Mungu" limetokana na kitenzi cha kale "-cha", chenye maana ya kuogopa kwa heshima. Kitenzi hicho hakisikiki sana leo, ila kimetuachia "kicho", "mcha", "uchaji" na "-chelea". Hofu inayokusudiwa hapa si ile ya mtu anayemkimbia chui. Ni hofu ya mwana mwema anayechelea kumvunjia mzazi heshima. Kiebrania kina neno "yira", ambalo nalo hubeba hofu na heshima kwa pamoja. Dholuo, lugha ya wenyeji wa Kisian, hutumia "luoro" kwa maana hizo mbili. Lugha tatu zisizo za ukoo mmoja zimekubaliana kwamba mtu hawezi kumheshimu Mungu pasipo kutetemeka kidogo.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ijulikanayo kama toleo la Muungano, walitumia neno lingine katika nyaraka za Paulo kwa Timotheo. Neno hilo ni "utauwa", nalo ni la ukoo mmoja na "mtawa", yaani mtu aliyejitenga na shughuli za dunia ili amtumikie Mungu. Msomaji asipokuwa mwangalifu anaweza kudhani kwamba maisha ya kumcha Mungu ni maisha ya kujifungia. Ilhali neno la Kigiriki lililofasiriwa hivyo lahusu uchaji unaoonekana nyumbani, sokoni na barazani.

Yapo pia maneno yaliyoingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu ambayo Myahudi angeyatambua mara moja. "Toba" lina asili yenye maana ya kurejea, sawa na neno "teshuva" la Kiebrania, ambalo ni kurudi katika njia uliyoiacha. "Kafara" lina ndugu katika jina la siku kuu ya Kiyahudi ya upatanisho, Yom Kippur. "Sadaka" lina ndugu yake "tsedaka", na hapa pana tofauti ya kuzingatia. Sadaka kwa Mswahili ni hisani ya mtoaji, lakini tsedaka kwa Myahudi ni haki ya mpokeaji, kwa kuwa shina la neno hilo ni uadilifu. Anayemnyima maskini tsedaka hahesabiwi kuwa bahili tu, bali huhesabiwa kuwa amedhulumu.

Mtazamo wa Kiyahudi

Mapokeo ya Kiyahudi huhesabu amri 613 katika Torati. Kati ya hizo, 248 huagiza jambo litendwe na 365 hukataza. Mtu anayezisikia tarakimu hizo kwa mara ya kwanza huona mzigo. Myahudi mwenye kuzishika huziona kama nafasi 613 za kukutana na Mungu katika mambo madogo: chakula, mavuno, ujira wa kibarua, kitanda cha ndoa, na mizani ya mfanyabiashara. Jina la utaratibu wa kuzitekeleza amri hizo ni "halakha", nalo limetokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kwenda. Kiswahili kimefuata njia hiyo hiyo, kwani "mwenendo" umezaliwa na "enenda", na "enenda" na "enda". Sidhani kama kuna neno jingine katika lugha yetu linaloifasiri halakha kwa ukaribu zaidi.

Amri hizo hazikutolewa ili mtu aununue upendo wa Mungu. Katika kitabu cha Kutoka, taifa la Israeli linakombolewa kwanza kutoka Misri, na baadaye ndipo linapopewa Torati katika Mlima Sinai. Wokovu ulitangulia na sheria ikafuata kama jibu la shukrani. Anayedai kwamba dini ya Kiyahudi haina neema amesoma sura ya 20 ya kitabu hicho bila kuzisoma zile 19 zilizotangulia.

Mifano mitatu itatosha. Wa kwanza ni Sabato, ambayo huanza kabla ya jua kuchwa siku ya Ijumaa na kwisha usiku wa Jumamosi nyota zinapoonekana. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, hutaja aina 39 za kazi zinazoachwa siku hiyo. Mapumziko hayo si ya bwana peke yake. Amri yenyewe huwataja mtumishi, mgeni na hata mnyama wa kufugwa. Hata hivyo, uhai wa mtu ukiwa hatarini, Sabato huvunjwa mara moja, na kuivunja huko ni wajibu.

Mfano wa pili ni toba. Mishna hufundisha kwamba Yom Kippur husafisha makosa baina ya mtu na Mungu, ila makosa baina ya mtu na jirani yake hayafutwi mpaka jirani huyo aridhishwe. Kufunga na kusali hakumfai aliyemwibia mwenzake mbuzi, endapo mbuzi bado yumo zizini mwake. Wa tatu ni tsedaka. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliipanga katika ngazi nane. Ngazi ya juu kabisa ni kumsaidia mtu kwa mkopo, ushirika au kazi ili asihitaji tena kuomba.

Aidha, dini ya Kiyahudi haidai kwamba kila mwanadamu awe Myahudi ndipo ampendeze Mungu. Marabi hufundisha kuwa watu wa mataifa mengine wamepewa amri saba kupitia kwa Nuhu, zikiwemo kutoua, kutoiba na kuweka mahakama za haki. Mwadilifu wa taifa lolote anayezishika ana fungu lake katika ulimwengu ujao.

Mtazamo wa Kikristo

Ukristo ulizaliwa ndani ya dini ya Kiyahudi. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, kama isimuliwavyo katika Mathayo sura ya 22, alijibu kwa kuunganisha maagizo mawili ya Torati: lile la Kumbukumbu la Torati la kumpenda Mungu kwa moyo wote, na lile la Mambo ya Walawi la kumpenda jirani. Yeyote aliyekuwa amelelewa katika sinagogi aliyafahamu maagizo hayo. Kilichokuwa kipya ni dai kwamba njia ya kuyaishi sasa imeonekana katika mtu mmoja, na kwamba mcha Mungu ni yule anayemfuata mtu huyo. Ndiyo sababu katika Matendo ya Mitume waumini wa kwanza waliitwa watu wa Njia.

Paulo, mtume aliyekuwa Farisayo, aliandika kwa Wagalatia kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria. Barua hiyo imewafanya wengi waamini kuwa Mkristo hana haja na matendo. Lakini katika barua hiyo hiyo, sura ya 5, Paulo anaorodhesha matunda ya Roho, na yote ni mambo yanayoonekana katika mwenendo: upole, uvumilivu, kiasi na mengineyo. Yakobo naye anasisitiza kwamba imani isiyozaa matendo imekufa. Mabishano juu ya jambo hili yaliupasua Ukristo wa Magharibi katika karne ya 16, enzi ya Martin Luther. Iliwachukua Wakatoliki na Walutheri hadi mwaka 1999 kutia saini tamko la pamoja: mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema, na matendo mema ni matunda ya neema hiyo.

Tukizilinganisha dini hizi mbili, tunaona kwamba zote zina neema na zote zina matendo. Myahudi huuliza, "Agano letu lanitaka nitende nini sasa?" Mkristo huuliza, "Kumfuata Kristo kwanitaka niwe mtu wa namna gani sasa?" Swali la kwanza humwelekeza mtu kwenye tendo, na kwa kulitenda moyo hufunzwa. Swali la pili humwelekeza kwenye moyo, na moyo uliogeuzwa hutarajiwa kutenda. Kila upande una hatari yake. Tendo laweza kubaki bila moyo, na moyo waweza kujisifu bila tendo.

Ufuo wa ziwa: Sabato, samaki na tohara

Turudi sasa kwenye ufuo wetu. Mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana walianzisha kituo Maseno, mwendo mfupi magharibi ya Kisian. Mwaka huo huo Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, waliwasili Kisumu, wakavuka Ghuba ya Winam na kufungua kituo cha Waadventista wa Sabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Kwa hiyo tangu mwanzo, wakazi wa pande mbili za ghuba hii walisomewa Biblia moja na kupewa siku mbili tofauti za ibada.

Mwadventista ni Mkristo kamili anayekiri wokovu kwa neema. Hata hivyo, siku yake takatifu huanza jua linapotua Ijumaa na kwisha linapotua Jumamosi, na sheria za chakula za Mambo ya Walawi sura ya 11 bado zina uzito kwake. Sura hiyo huruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Katika soko la samaki la ufuoni, maana yake ni kwamba ngege na mbuta hununuliwa bila wasiwasi, ilhali kambare, ambaye Wajaluo humwita mumi, hupitwa kwa sababu hana magamba. Mvuvi na mnunuzi wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, mmoja akimla mumi kwa shukrani na mwingine akimwacha kwa utiifu.

Hapa Kiswahili kinatuletea kitendawili. Neno "Jumamosi" humaanisha siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na "Jumapili" siku ya pili. Lakini Myahudi na Mwadventista huihesabu Jumamosi kuwa siku ya saba, na Wakristo wengine huihesabu Jumapili kuwa ya kwanza. Zaidi ya hayo, wiki yetu ina "tano" mbili. "Jumatano" ni ya tano kwa hesabu ya Waswahili, na "Alhamisi" ni ya tano kwa hesabu ya Waarabu, wanaoanza kuhesabu Jumapili. Mtu anayesema Alhamisi amekwisha kuikubali, pasipo kujua, hesabu inayoifanya Jumamosi kuwa ya saba. Dholuo nayo huzipa siku majina kwa kazi: Jumanne ni "tich ariyo", kazi ya pili, na Ijumaa ni "tich abich", kazi ya tano. Lugha inayohesabu siku kwa kazi humsaidia mzungumzaji aelewe kwa nini siku isiyo na kazi inaweza kuwa takatifu.

Tohara nayo ilizua mjadala mkali zaidi. Kwa Myahudi, kumtahiri mtoto wa kiume siku ya nane ni ishara ya agano la Ibrahimu. Kwa Wakristo wa mwanzo jambo hili lilikuwa mgogoro mkubwa, na Matendo ya Mitume sura ya 15 hueleza jinsi mkutano wa Yerusalemu ulivyoamua kwamba waumini wasio Wayahudi wasitwishwe mzigo huo. Wajaluo kwa desturi hawakutahiri. Jando halikuwa sehemu ya malezi yao. Lakini Johana Owalo, mzaliwa wa Asembo aliyepitia madhehebu ya Kikristo na pia Uislamu, alisimulia kuwa alipata maono mwaka 1907. Kutokana nayo likazaliwa kanisa la Nomiya, jina ambalo kwa Dholuo humaanisha "nimepewa". Kanisa hilo, linalohesabiwa miongoni mwa makanisa huru ya kwanza nchini Kenya, liliifanya tohara ya wanaume kuwa amri kwa waumini wake. Owalo alifariki mwaka 1920, na kanisa lake lingali hai.

Karne moja baadaye tohara ilirudi Kisumu kwa mlango mwingine. Kati ya mwaka 2002 na 2006 watafiti waliwafuatilia vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI kutoka kwa mwanamke. Mwaka 2008 serikali ilianzisha mpango wa tohara ya hiari, Nyanza ikipewa kipaumbele. Basi katika boma moja la Kisian anaweza kupatikana mzee wa Nomiya aliyetahiriwa kwa amri ya Mungu, mjukuu aliyetahiriwa kwa ushauri wa daktari, na babu asiyetahiriwa aliye mzee wa kanisa la Kianglikana. Tendo ni moja, maana ni tatu. Kwa mantiki ya Paulo, tohara peke yake haimwongezei mtu wala kumpunguzia. Kwa mantiki ya marabi, tendo hupata uzito pale linapotendwa kwa kuitikia amri. Wote wawili wangekubaliana kwamba kisu pekee hakimfanyi mtu kuwa mcha Mungu.

Damu na upendo

Ukristo wa ufuo huu ulikuwa na mjadala mwingine uliouchoma moyo wa kanisa lenyewe. Katika miaka ya 1930 uamsho ulizuka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake walisisitiza kuungama dhambi hadharani, kuoshwa kwa damu ya Yesu, na kutembea nuruni na wenzao. Ulipofika miongoni mwa Waanglikana wa Nyanza, wafuasi hao waliitwa Joremb, watu wa damu. Wapo walioona kwamba baadhi ya ndugu hao waliwahukumu wenzao na kujitenga nao. Walijiita Johera, watu wa upendo, na mwaka 1957 wakajitenga chini ya uongozi wa Matthew Ajuoga na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika.

Mgogoro huo ulikuwa na sababu za uongozi na za ukoloni pia, lakini majina yenyewe yanafundisha. Upande mmoja ulisema ucha Mungu huanza na moyo ulioungama. Upande wa pili ulisema ucha Mungu hupimwa kwa jinsi unavyomtendea aliye karibu nawe. Ni mvutano ule ule kati ya moyo na tendo tuliouona hapo awali, na haukuhitaji Myahudi hata mmoja ili uzuke. Hili ladhihirisha kwamba mpaka kati ya "dini ya matendo" na "dini ya imani" hupita ndani ya Ukristo wenyewe.

Kutoka Kisian hadi Mbale

Barabara ya Busia ipitayo Kisian huvuka mpaka na kumfikisha msafiri Tororo na hatimaye Mbale, mashariki mwa Uganda. Huko ndiko wanakoishi Abayudaya, jamii ya Waafrika waliouchagua Uyahudi wao wenyewe kwa kusoma Biblia. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari Mganda aliyeusaidia utawala wa Waingereza kuenea mashariki mwa Uganda, kisha akakosana nao. Aliyaacha mafundisho ya wamisionari, akajiunga na kanisa la Bamalaki, na kuendelea kuyachunguza Maandiko. Yasimuliwa kwamba alipotaka kutahiri, Bamalaki walimwambia hilo ni jambo la Wayahudi, naye akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928.

Jamii yake ilidumu kwa shida. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku, na waliobaki, wapatao 300, waliswali kwa siri. Mwaka 2002 wengi wao walipitia taratibu rasmi za uongofu mbele ya marabi kutoka ng'ambo. Mwaka 2008 Gershom Sizomu alihitimu kuwa rabi baada ya kusoma Los Angeles, Marekani, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge katika jimbo ambalo Wayahudi ni wachache mno.

Jambo linalogusa mada yetu zaidi ni la mwaka 2004. Mwaka huo wakulima wa kahawa wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu katika milima ya Mbale waliunda ushirika mmoja wa kuuza mazao yao, wakauita Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yanayozungumzia utamu wa amani. Katika ushirika huo hakuna aliyetakiwa kuiacha siku yake ya ibada. Waliafikiana juu ya mizani ya haki na bei ya haki, mambo ambayo Torati na Injili huyahimiza kwa pamoja. Tukikumbuka ngazi ya nane ya Maimonides, hapa pana watu wanaosaidiana ili asiwepo wa kuomba.

Jumamosi chuoni na mahakamani

Mjadala huu hauishii katika historia. Wapo wanafunzi katika vyuo vyetu wanaoiogopa ratiba ya mitihani kuliko mitihani yenyewe, kwa kuwa karatasi ikipangwa Jumamosi watalazimika kuchagua kati ya shahada na dhamiri. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, wanafunzi Waadventista waliishtaki taasisi hiyo kwa sababu hiyo. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikataa madai yao mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 2006. Nchini Kenya mambo yalikwenda kinyume. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 hutaja waziwazi haki ya kuadhimisha siku ya ibada, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kutowajali wanafunzi Waadventista wa shule za umma katika ratiba za Jumamosi ni ubaguzi, hata kama si wa moja kwa moja.

Tofauti ya hukumu hizo mbili ina uhusiano na fasiri. Anayeamini kwamba dini ni jambo la moyoni tu atasema, "Fanya mtihani, kisha uombe kimoyomoyo, Mungu anakuelewa." Kauli hiyo ina busara kwa wenye mtazamo fulani wa Kikristo. Kwa Mwadventista au Myahudi, ambaye kwake siku yenyewe ndiyo ibada, kauli hiyo ni sawa na kumwambia mtu ale kwa kutazama chakula. Vivyo hivyo katika matanga. Familia nyingi za ufuo huu huzika Jumamosi ili ndugu walio mijini wapate kufika, lakini jamaa Mwadventista huomba mazishi yafanyike siku nyingine. Boma linaloielewa sababu yake hupanga siku bila ugomvi. Boma lisiloielewa humwita mkaidi mbele ya jeneza.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna jukumu la pekee. Katika mazungumzo ya kila siku, na katika kazi kadhaa za fasihi, neno "Farisayo" limegeuka kuwa kisawe cha "mnafiki". Ni kweli kwamba Injili zina lawama kali dhidi ya baadhi ya Mafarisayo. Hata hivyo, Mafarisayo ndio waalimu ambao kwao marabi, na dini ya Kiyahudi ya leo, walirithi mafundisho yao. Mwandishi anayemchora mhusika mnafiki na kumpachika jina hilo humtukana babu wa dini nzima, huenda bila kukusudia. Unafiki una jina lake katika Kiswahili, na jina hilo linatosha.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba dini ya Kiyahudi na Ukristo zote huuona ucha Mungu kuwa mwenendo, na kwamba zote hujengwa juu ya upendo wa Mungu unaotangulia tendo la mwanadamu. Myahudi huongozwa na amri za agano alilorithi. Mkristo huongozwa na Kristo anayemfuata. Aidha, tumeona kuwa wakazi wa ufuo wa Ziwa Viktoria na majirani zao hawakungoja kufundishwa mpaka uliopo kati ya dini hizo. Waadventista wa Gendia, Nomiya wa Asembo, Johera wa Kisumu na Abayudaya wa Mbale waliisoma Biblia kwa macho yao wenyewe, kila mmoja akachagua lipi la kushika na lipi la kuacha.

Ni pendekezo letu kwamba walimu wa Kiswahili na wa dini waache kuzigawa dini hizi kwa maneno mawili, sheria na imani. Wafasiri nao wayapime upya maneno kama "utauwa", "sadaka" na "Farisayo" kabla ya kuyatumia. Wasimamizi wa ratiba vyuoni wanaweza kuanza na jambo jepesi zaidi: kuwauliza wanafunzi mwanzoni mwa muhula ni siku gani wasioweza kuufanya mtihani, na kuweka karatasi ya siku nyingine kwa wachache hao. Gharama yake ni ndogo, na mwanafunzi aliyekuwa akiusubiri muhula wa mitihani kwa hofu ataweza kumcha Mungu wake bila kukichelea chuo chake.